Mkono wa monita: nguzo, springi ya gesi au springi ya chuma? Anza na meza yako

Ukiingia dukani kutafuta mkono wa monita, swali la kwanza utakaloulizwa ni hili: monita yako ni inchi ngapi? Ukijibu 24 au 27, boksi linashushwa, bei inatajwa, na ushauri umeishia hapo. Kwa maoni yangu inchi ndicho kipimo kinachosaidia kidogo kuliko vyote. Mkono unabeba kilo, na kilo hizo mwisho wake zinatua kwenye ubao wa meza. Ndiyo sababu watu wawili wanaweza kununua mkono uleule, mmoja akausifu na mwenzake akaishia na meza iliyochanika ukingo.

Nitalinganisha aina tatu za mikono ya kufunga mezani ambazo utakutana nazo, iwe unanunua Kariakoo, Luthuli Avenue jijini Nairobi au mtandaoni: mkono wa nguzo, mkono wa springi ya gesi, na mkono wa springi ya chuma. Kisha nitalinganisha njia mbili za kuushikiza mezani, kibano (kinachouma ukingo wa meza) na tundu (linalotobolewa kwenye ubao), maana uamuzi huu wa pili watu huupuuza na ndio unaoharibu meza.

Vipimo vya kuchukua kwanza

Tafuta tepu, karatasi na kalamu, upime haya ukiwa nyumbani kabla hujatoa hela.

*Uzito wa monita bila stendi.* Kwenye tovuti za watengenezaji uzito huandikwa mara mbili, pamoja na stendi na bila stendi. Unaoutaka ni huo wa pili. Monita nyingi za inchi 24 zikivuliwa stendi huwa na kilo 3 hadi 4, za inchi 27 huwa kati ya 4 na 6, na zile pana za inchi 34 hufika 6 hadi 8 au kuzidi. Hata hivyo usikadirie, kwa sababu monita ya zamani ya ofisini inaweza kuwa nzito kuliko mpya yenye inchi nyingi zaidi. Kama lebo imefutika, tumia ile mizani ya kuning'iniza ya kupimia mabegi ya safari: tia monita ndani ya mfuko wa kitambaa wenye mishikio imara, ning'iniza, soma. Mizani ya bafuni nayo inatosha. Jipime peke yako, jipime tena ukiwa umeikumbatia monita, halafu utoe.

*Matundu ya mgongoni.* Yako manne, yamekaa mraba. Utaratibu wake uliwekwa na VESA, chama cha watengenezaji wa vifaa vya video, na ndio unaowezesha mkono wa kampuni moja kuikubali monita ya kampuni nyingine. Kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jirani yake ni milimita 75 au 100, na skrubu zake ni M4, yaani zenye unene wa milimita 4. Mikono karibu yote ya mezani ina bamba lenye nafasi za vipimo vyote viwili.

Hapa wanunuzi wa monita za mtumba wana bahati. Monita za ofisini zinazotoka Ulaya, kama Dell za mfululizo wa P au HP EliteDisplay, zinaonekana kama hazina matundu, lakini stendi yake inachomoka kwa kubonyeza kitufe kilicho chini ya shingo, na nyuma yake ndipo matundu ya 100 kwa 100 yalipo. Ukiona monita ya aina hiyo inauzwa bila stendi kwa bei ya chini, usiikimbie. Kwa mtu mwenye mpango wa kununua mkono, stendi ilikuwa iende kabatini vilevile. Kagua tu kwamba nyuzi za ndani ya matundu hazijaliwa: ingiza skrubu ya M4 kwa vidole, ikizunguka mara tatu nne bila kukwama wala kucheza, ni nzima. Baadhi ya monita za nyumbani hazina matundu kabisa. Na kwa Apple, iMac na Studio Display zinataka uamue wakati wa kununua kama unataka toleo la VESA.

*Usawa wa macho.* Kaa kama unavyokaa ukifanya kazi, mgongo umeegemea, na mtu mwingine apime kutoka juu ya meza hadi usawa wa macho yako. Ukingo wa juu wa skrini unatakiwa uwe usawa huo au chini yake kidogo. Sasa toa nusu ya kimo cha skrini. Skrini ya inchi 24 ina kimo cha karibu sentimita 30, kwa hiyo toa 15; ya inchi 27 ina karibu 34, toa 17. Macho yakiwa sentimita 45 juu ya meza, katikati ya matundu ya monita ya inchi 24 patakaa sentimita 30 juu ya meza. Hiyo ndiyo namba ya kuitafuta kwenye maelezo ya mkono: lazima iangukie kati ya kimo chake cha chini na cha juu. Anayevaa miwani ya lenzi mbili aishushe monita zaidi na kuilaza nyuma kidogo, la sivyo atashinda kutwa ameinua kidevu ili asome kupitia sehemu ya chini ya miwani, na jioni shingo itamdai.

*Meza, na kilicho nyuma yake.* Pima unene wa ubao. Piga magoti uangalie chini ya ukingo wa nyuma: kuna fremu ya chuma? Kuna droo? Kuna ubao wa kusimama unaoziba miguu? Kibano kinahitaji sehemu tambarare, kwa kawaida sentimita 8 hadi 10 kutoka ukingoni. Kisha pima nafasi kati ya meza na ukuta.

*Utaisogeza mara ngapi?* Hili halihitaji tepu, linahitaji ukweli. Kuna anayeiweka monita mahali pake Januari na kuikuta palepale Desemba. Kuna anayeigeuza kumwonyesha mteja, anayesimama mchana, anayegawana meza na mwanawe mwenye kimo cha shule ya msingi.

Mkono wa nguzo

Ni bomba la chuma lililosimama wima juu ya meza, na mkono mfupi wenye viungo umelishika kwa kola, yaani pete inayokazwa kwa skrubu. Kimo unakipata kwa kulegeza kola, kuisogeza, na kuikaza tena.

*Uzito.* Una kikomo cha juu tu. Monita ya kilo 2 na ya kilo 7 zote zinatulia palepale ulipokaza, kwa sababu hakuna kinachosukuma juu. Kwa wenye monita nyepesi faida hii ni kubwa kuliko matangazo yanavyoisema.

*Mkao.* Kushoto, kulia, kuinamisha na kuzungusha skrini isimame wima kama ukurasa wa kitabu, yote yanafanyika kwa mkono. Kupandisha na kushusha ndiyo kazi: unahitaji kile kifunguo chenye umbo la L, na mtu wa kushika monita au angalau mkono wako mmoja chini yake. Ukilegeza kola bila kushika, monita inashuka kwa kishindo hadi mezani. Nguzo nyingi zina pete ya ziada ya kuweka chini ya kola kama breki, itumie.

*Nafasi.* Mkono ukiwa mfupi, hakuna kiwiko (kiungo cha katikati ya mkono) kinachotoka nyuma, hivyo meza inaweza kubanwa karibu kabisa na ukuta. Lakini nguzo yenyewe iko katikati ya skrini na ukuta, kwa hiyo skrini haiwezi kurudi nyuma kabisa. Meza ya kina cha sentimita 50 utaiona ni finyu.

*Monita mbili.* Hapa nguzo ndiyo yenye raha. Mikono miwili juu ya nguzo moja inakaa kimo kimoja sawasawa, na skrini zikishalingana hazitofautiani tena.

*Fedha na uimara.* Kwa kawaida ndiyo ya bei ndogo kuliko zote tatu, na hakuna cha kuchoka ndani yake. Skrubu ikipotea au kulika, duka lolote la vifaa vya ujenzi litakuwa na mbadala.

*Inamfaa* anayeketi kiti kimoja, meza moja, mtu mmoja. Ofisi inayofunga vituo vingi kwa mpigo. Na mwenye monita nyepesi.

Mkono wa springi ya gesi

Ndani ya mkono wa juu kuna silinda ya gesi iliyogandamizwa, kwa kawaida nitrojeni, inayosukuma juu muda wote kama ile ya kiti cha ofisini. Uzito wa monita unasukuma chini. Ukizilinganisha nguvu hizo mbili kwa skrubu ya kurekebishia, monita inabaki popote unapoiacha, na unaipandisha kwa kidole.

*Uzito.* Hapa ndipo pa kukaa na kusoma kwa makini, kwa sababu mkono huu una kikomo cha juu na cha chini pia. Mfano North Bayou F80, mmoja wa mikono inayouzwa sana kwa bei nafuu, umeandikiwa kilo 2 hadi 9. Chini ya kikomo cha chini, monita inapanda yenyewe hadi juu na kukataa kushuka hata ukilegeza skrubu mpaka mwisho. Juu ya kikomo cha juu, inazama polepole. Ushauri wangu ni kuchagua mkono ambao uzito wa monita yako unaangukia katikati ya vikomo vyake. Monita ya kilo 5 kwenye mkono wa 2 hadi 9 itatulia. Ya kilo 2.2 au 8.8 iko ndani ya kikomo kwenye karatasi, lakini skrubu inakuwa karibu na mwisho wake na haiachi akiba ya kurekebisha.

Monita pana zilizopinda zina tatizo la pekee. Uzito wake umekaa mbele zaidi ya bamba, kwa hiyo hata kilo zikikubalika, kichwa cha mkono kinainama na skrini inatazama meza. Kwa hizo, kilo pekee hazitoshi. Hakikisha mtengenezaji ametaja inchi na umbo hilo waziwazi.

*Mkao.* Kwa kusogeza mara kwa mara, mkono huu unapendeza kuutumia. Ukitaka kuandika kwa kalamu, unaisukuma nyuma. Ukitaka kusimama, unaipandisha. Wenye meza za kupanda na kushuka wajue kwamba kadiri mkono unavyonyooshwa mbele ndivyo monita inavyotikisika unapochapa kwa nguvu.

*Nafasi.* Ukiisukuma monita nyuma, kiwiko kinatoka upande wa ukutani. Meza ikiwa imebanwa ukutani, kiwiko kinagonga na monita inabaki mbele zaidi ya ulivyotaka. Unaweza kukikunja kiwiko kiende kushoto au kulia badala ya nyuma, lakini hapo kinakula nafasi ya meza au kumgonga jirani. Acha sentimita 10 hadi 20 nyuma ya meza, au funga kibano kwenye ukingo wa pembeni.

*Monita mbili.* Inawezekana, kwa mikono miwili iliyo kwenye tako moja, yaani kitako kinachokaa juu ya meza. Kila mmoja unarekebishwa peke yake, na kuzifanya skrini zikae mstari mmoja ni kazi ya uvumilivu. Mtu akiigusa moja, mstari umeharibika.

*Fedha na uimara.* Bei ni ya kati, na ndiyo aina inayopatikana kirahisi zaidi. Silinda ya gesi huchoka kadiri miaka inavyokwenda: mkono unaanza kuzama, unaongeza msukumo kwenye skrubu, unatulia, unazama tena, mpaka siku skrubu inafika mwisho. Silinda haijazwi nyumbani, na mtu asijaribu kuitoboa wala kuifungua, kwa kuwa gesi iliyomo iko kwenye shinikizo kubwa.

*Inamfaa* anayebadilisha mkao kila siku, mwenye monita ya inchi 24 hadi 32 yenye uzito wa kati, na mwenye nafasi kidogo nyuma ya meza.

Mkono wa springi ya chuma

Kwa nje unafanana na wa gesi kiasi kwamba picha pekee haitakuonyesha tofauti, soma maelezo. Ndani, badala ya silinda kuna springi nzito ya chuma inayovutana na uzito wa monita. Unaofahamika zaidi ni Ergotron LX, ulioandikiwa kilo 3.2 hadi 11.3. Ndugu yake mkubwa, HX, unafika kilo 19.1 na umetengenezwa kwa ajili ya skrini pana na nzito.

*Uzito.* Una kikomo cha chini pia, na mara nyingi kiko juu kuliko cha gesi. Monita ya kilo 2.5 haina kazi na LX. Upande wa juu ndiko unakojitofautisha: kilo 8 au 9 unazibeba bila kuonyesha kwamba unajitahidi.

*Mkao.* Unasogea kama wa gesi. Baadhi ya watu huuona mzito kidogo mkononi mwanzoni, na huo uzito ndio unaoufanya usiyumbe.

*Nafasi.* Yote niliyosema kuhusu kiwiko cha mkono wa gesi yanahusu huu pia.

*Monita mbili.* Vilevile kama wa gesi.

*Fedha na uimara.* Bei yake ni mara kadhaa ya mkono wa gesi wa kawaida, na kwetu mara nyingi unaagizwa au unapatikana kama mtumba wa ofisi. Springi ya chuma haivuji, kwa hiyo wa mtumba ukiwa mzima unaweza kukutumikia miaka mingi. Ukinunua wa mtumba, dai uone vipande vyote: bamba la VESA, kibano pamoja na skrubu yake kubwa, na kifuniko cha kiungo cha kati. Mkono usio na kibano chake ni chuma tu, kwa kuwa vibano vya kampuni tofauti haviingiliani.

*Inamfaa* mwenye monita nzito au pana, mwenye kazi ya miaka kumi mezani, na anayeweza kulipa mara moja ili asirudi dukani.

Kibano au tundu?

Mikono mingi inakuja na vifaa vya njia zote mbili ndani ya boksi moja. Kibano kinauma ukingo wa meza. Tundu linapitisha bolti katikati ya ubao na kukazwa kwa chini kwa bamba na nati.

Kwanza uelewe kinachotokea. Monita ya kilo 6 iliyonyooshwa sentimita 50 mbele ya tako inafanya kazi kama wenzo. Kibano chenye kina cha sentimita 8 kinapaswa kuuzuia wenzo huo kwa hizo sentimita 8 tu. Zidisha 6 kwa 50, gawanya kwa 8: karibu kilo 38 zinasukuma taya la chini ndani ya tumbo la meza, kabla hujahesabu uzito wa mkono wenyewe. Na taya hilo mara nyingi ni kisahani kidogo tu, kikiwa kimekaa karibu na ukingo, mahali ubao ulipo dhaifu zaidi.

Meza ya mninga, mvule au mkongo yenye unene wa sentimita 2.5 na kuendelea haitashtuka. Plaiwudi nzuri nayo inavumilia. Shida iko kwenye meza za bodi ya vumbi la mbao lililogandamizwa na kufunikwa fomaika, ambazo ndizo zinazouzwa zaidi kama meza za ofisi. Juu ni ngumu na inang'aa, ndani ni unga ulioshikamana kwa gundi. Kibano kinaubonyeza unga huo kidogo kidogo. Baada ya miezi unaona alama ya duara chini, kisha mstari wa ufa ukingoni, na skrubu ya kibano inakuwa kila mara imelegea. Ukaribu na bahari unazidisha, kwa sababu bodi hunyonya unyevu na kuvimba hasa kwenye kingo zilizokatwa zisizofunikwa. Wasomaji wa Tanga, Mombasa na Unguja waipake pia mafuta kidogo skrubu ya kibano, maana chumvi ya hewani inaitia kutu mapema.

Dawa yake si ghali. Mwendee fundi wa kuchomelea akukatie vipande viwili vya bamba la chuma la milimita 3, kila kimoja sentimita 10 kwa 20 hivi, apige msasa kingo zisikate. Kimoja kinakaa juu ya meza chini ya tako la mkono, kingine chini ya meza juu ya taya. Bandika raba nyembamba upande unaogusa mbao. Kilo zilezile 38 sasa zinasambaa kwenye eneo kubwa badala ya kisahani kimoja. Kipande cha mbao ngumu cha sentimita 2 kinafanya kazi hiyohiyo kwa upande wa chini, ilimradi unene wa jumla usizidi mdomo wa kibano.

Tundu lina nguvu zaidi, kwa sababu ubao unakamatwa pande zote badala ya ukingoni. Linafaa pale ambapo ukingo wa nyuma una fremu, au meza haiwezi kusogezwa kutoka ukutani. Gharama yake ni kwamba tundu halizibiki, na ukitaka kuhamisha mkono hatua mbili kushoto, unatoboa tena. Meza ya kupanga au ya mwajiri usiitoboe bila idhini. Kama meza ina lile tundu la plastiki la kupitishia nyaya, pima kipenyo chake kwanza: bamba la juu la mkono lazima lilifunike lote.

Kwenye meza ya kioo, jibu ni hapana kwa njia zote mbili, hata kioo kikiwa kile kigumu. Shinikizo la kisahani kimoja ukingoni ndilo hasa linalokipasua.

Kufunga, hatua kwa hatua

Funga tako kwanza, mkono ukiwa haujapandishwa. Kaza kibano kwa mkono mpaka kishike, kisha robo mzunguko au nusu kwa kifunguo. Shika tako ulitikise kwa nguvu. Likisogea, ongeza kidogo. Kukaza mpaka meza inalia hakuongezi ushikaji, kunavunja ubao.

Panda mkono kwenye tako, na kama una skrubu ya kuzuia mzunguko wa nyuma, iweke sasa. Skrubu hiyo ndogo inazuia kiwiko kisiende kupiga ukuta, na watu wengi huiacha ndani ya mfuko wa plastiki.

Laza monita kifudifudi juu ya mto au blanketi lililokunjwa, futa chini yake kusiwe na hata punje ya mchanga. Funga bamba la VESA kwa skrubu nne, zote kwanza nusu, kisha ukaze kwa mshazari: ya juu kushoto, ya chini kulia, na zile mbili zilizobaki. Skrubu zinazokuja na mkono mara nyingi ni za urefu wa milimita 10 hadi 12. Ukihisi skrubu imegota kabla bamba halijabanwa, acha, tafuta fupi zaidi, usilazimishe. Ndani kuna saketi. Kama matundu yamezama ndani ya mgongo wa monita, tumia vile vipande virefu vya kunyanyulia pamoja na skrubu ndefu.

Sasa msukumo, kwa mikono ya gesi na ya chuma. Usiguse skrubu ya msukumo kabla monita haijakaa, kwa sababu mkono mtupu una nguvu ya kuruka na kumpiga mtu usoni. Ning'iniza monita, ishike kwa mkono mmoja, na uulaze mkono wa juu uwe sambamba na meza. Achia kidogo kidogo. Ikishuka, zungusha skrubu kuelekea alama ya kuongeza. Ikipanda, kuelekea alama ya kupunguza. Mizunguko ni mingi, wakati mwingine kumi na zaidi kabla hujaona tofauti, kwa hiyo usiseme mkono ni mbovu baada ya miwili. Umemaliza pale ambapo monita inabaki ilipo ukiiacha chini, katikati na juu. Kichwa kina skrubu yake ya pekee ya kuzuia kuinama: skrini ikitazama chini, tatizo ni hiyo, na kuongeza msukumo wa mkono hakutasaidia.

Mwisho ni nyaya. Nyoosha mkono mpaka mwisho wake, juu na mbele, ndipo upitishe waya wa umeme na wa picha kwenye vishikio, ukiacha kitanzi kilicholegea kwenye kila kiungo. Ukizifunga mkono ukiwa umekunjwa, siku ya kunyoosha waya utavutwa na tundu la HDMI la monita ndilo litakaloumia. Wengi hugundua hapo kwamba waya uliokuja na monita ni mfupi. Ule wa mita 2 kwa kawaida unatosha.

Ukija kuiondoa monita, pandisha mkono wa gesi au wa chuma mpaka juu kabisa kwanza. Ukiwa juu hauna pa kurukia.

Kwa hali yako

Una monita moja ya mtumba ya inchi 22 au 24 bila stendi, meza ya bodi, na bajeti ndogo: chukua nguzo, na fedha iliyobaki impe fundi akukatie mabamba ya chuma.

Unahesabu vitabu vya biashara au unaandika programu kwa skrini mbili zinazofanana, na hazisogei: nguzo yenye mikono miwili. Kama mzigo wa jumla unazidi kilo 10 kwenye bodi, toboa tundu.

Meza inatumiwa na watu wawili wa vimo tofauti, au unafundisha kwa video asubuhi na kuandika mchana: springi ya gesi, ilimradi uzito uangukie katikati ya vikomo na kiwiko kina pa kwenda.

Una skrini pana ya inchi 34 au zaidi, hasa iliyopinda: springi ya chuma ya daraja linalolingana nayo, juu ya mbao ngumu au bodi iliyoongezewa bamba. Kama bei haifikiki, baki na stendi iliyokuja nayo na uinyanyue kwa kipande cha mbao, kuliko kuitundika kwenye mkono wa gesi uliofika kikomo.

Meza imebanwa ukutani, ina kina cha sentimita 50, na haisogei: usinunue wowote kati ya hii mitatu kabla hujaulizia mkono wa ukutani, kama ukuta ni wa tofali na mwenye nyumba amekubali utoboe. Asipokubali, kibano kwenye ukingo wa pembeni pamoja na mkono wa gesi unaokunjika kuelekea kushoto au kulia.

Unafanya kazi kwa laptopu peke yake na huna monita: kuna trei za laptopu zinazofungwa kwenye bamba la VESA. Pima laptopu na trei pamoja, kwa sababu laptopu nyingi zina kilo 1.5 hadi 2 na peke yake haifiki kikomo cha chini cha mikono mingi ya springi. Nguzo haina shida hiyo. Utahitaji pia kibodi na kipanya vya nje, vikae chini mezani.